Mama wa Sidiria

Mara ya kwanza aliponishika matiti tulikuwa hatujajuana hata robo saa. Nilisimama mbele ya meza yake katika soko la Busia, upande wa Uganda, nimeinua sidiria nyeusi yenye lesi na kujifanya najua ninachotafuta. Mimi ni mtu wa kusoma. Kwa miaka mingi nimefundisha habari za udongo katika chuo kimoja huko Busitema, na mtu aliyezoea kusikilizwa na wanafunzi wanaotaka alama hupata ugonjwa wa kudhani anasikilizwa na kila mtu. Mama yule aliniangalia mara moja, akaninyang'anya ile nyeusi, akaitupa kwenye fungu.

"Nyara, hiyo si yako."

Nyara, kwa Kidhopadhola, ni binti yangu. Aliwaita hivyo wanunuzi wote, hata waliomzidi umri.

"Saizi yangu naijua," nikasema.

"Ya mwaka gani?"

Jirani yake, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akicheka kabla mzaha haujaisha, akainuka na kushika ncha moja ya leso. Mwenye meza ya pili akashika ncha nyingine. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha kujipimia. Mama wa sidiria akaingia nyuma ya leso pamoja nami, mikono yake ikiwa ya baridi kwa sababu alikuwa ametoka kufua, akanipima kwa viganja bila kuniomba ruhusa.

"Hii ni matiti ya mtu amesoma," akatangaza, kwa sauti ambayo leso isingeweza kuizuia. "Yenyewe inafikiri iko juu. Na iko hapa chini na sisi."

Soko likacheka. Nikanunua mbili.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na sokoni hakuwa na jina jingine ila hilo: mama wa sidiria. Alikuwa na jina la ubatizo, nililisikia baadaye sana likiitwa na muuguzi hospitalini, na sote wawili tukakaa tukimsubiri mtu mwingine aitike.

Kazi yake ilikuwa mitumba, lakini ya aina moja tu. Wenzake walifungua marobota ya mashati, ya suruali, ya nguo za watoto. Yeye alinunua sidiria, akazichemsha, akazianika nyumbani kwake, kijijini Kwapa, mbali na barabara ili wapita njia wasitie maneno, akashona kulabu zilizong'oka. Waya zilizopinda alizinyoosha kwa meno. Wanawake walivuka kutoka upande wa Kenya kuja kwake hasa, wakipita meza nyingine zenye sidiria mpya za kung'aa, kwa sababu mpya, alisema, hazijawahi kubeba mtu na hazijui kazi.

Hakuwa na futi ya kupimia. Nilimletea moja siku moja, ya kitambaa, ya manjano, kama msomi anayeleta maendeleo. Aliitumia kufungia mzigo.

Kwa mikono ile alijua mambo ambayo waume walikuwa bado hawajaambiwa. Alijua nani ana mimba, nani ameachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, nani amekonda kwa mawazo. Na hapa kulikuwa na jambo lililonishangaza, kwa sababu alikuwa mmbeya. Angekueleza mume wa nani analala Malaba, mchungaji gani anapaka nywele rangi. Lakini yaliyoguswa nyuma ya leso yalibaki nyuma ya leso. Hakuna aliyewahi kusikia titi la mtu likisemwa kwenye meza ile, isipokuwa kwa mzaha kama ule wangu, ambao mwenye titi alikuwa papo hapo kujitetea.

Alipenda misemo, na mingi aliitunga mwenyewe. Sidiria ni kama mume, alisema. Ikikubana sana si yako, ikilegea sana ni ya mtu mwingine. Alisema pia kwamba Mungu aliwapa wanawake mawili ili mtoto akichoka upande mmoja asimkufuru. Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani, na Jumatatu aliwaambia wanawake wa Kenya kwamba sidiria fulani imetoka Ujerumani, na mimi nilikuwa nimemwona akiikata lebo. Nilipomkumbusha amri za Mungu alijibu kwamba hajasema uongo, ameisafirisha tu.

Kulikuwa na fungu moja ambalo hakuliuza kwa kila mtu. Zile sidiria za kunyonyeshea, zinazofunguka mbele, alizitenga kwenye mfuko wa kitambaa chini ya meza. Ulitaka kununua, sharti mtoto awepo mgongoni au mimba ionekane. Mimi nilizaa mtoto wangu wa kwanza na wa mwisho nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanapokea wajukuu. Nilifika kwenye uzazi kama anayefika harusini vyombo vikioshwa. Aliniuzia mbili. Mtoto alipoacha ziwa nikarudi kutaka nyingine, kwa sababu zilikuwa hazibani. Akakataa.

"Hii ni ya kazi," akasema. "Kazi yako imeisha. Vaa ya kutembea."

Kuna wanawake wanaoona haya kusema hawakuzaa. Yeye hakuona haya, kwa sababu hakukubali kwamba ni kweli. Alikuwa na binti. Binti huyo, fundi wa kusuka nywele huko Malaba upande wa Kenya, mrefu, mwenye kicheko kikubwa, alikuja sokoni kila alipopata nafasi na kumwita mama kwa sauti ya kudeka hata alipokuwa mtu mzima. Ilinichukua miaka kujua kwamba alizaliwa na mwanamke mwingine.

Alinieleza mwenyewe alasiri moja ya mvua, tumejibanza chini ya turubai, soko limetawanyika.

"Mke mwenzangu aliniletea matusi mwaka mzima," akasema. "Halafu akaniletea mtoto."

Mke mwenza alikufa kesho yake baada ya kujifungua. Mtoto alilia. Katika vijiji vya kwao, mtoto akifiwa hivyo, bibi au shangazi humweka titini ili anyamaze, huku akinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Titi kavu ni la kumdanganya tu mpaka usingizi umchukue. Hapakuwa na bibi wala shangazi pale. Alikuwapo yeye, aliyeolewa zamani na ambaye tumbo lake lilikuwa limeshazungumzwa na ukoo mzima kwenye vikao.

"Siku za kwanza ni hewa tu. Anavuta, anakasirika, ananiangalia kama mimi ni mwizi. Mimi namwambia, vuta tu, hata mimi sina kitu kingine. Siku moja naamka, naona nguo imelowa hapa." Akagusa kifua. "Nilifikiri ni mtoto amekojoa."

Akakamua maji kwenye pindo la leso.

"Nililia, nyara. Kuliko siku nilizika mama yangu."

Nilikwenda kusoma, kama kawaida ya watu wangu. Nikagundua kwamba jambo hilo linawezekana: titi likinyonywa mara kwa mara laweza kutoa maziwa hata kama tumbo halikubeba. Nikamrudishia habari hiyo sokoni kwa furaha kubwa. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe unasoma kitabu," akaniuliza, "ili ujue nguo yangu ililowa?"

Alimnyonyesha mpaka mtoto akaona haya mwenyewe.

Sasa niseme juu ya uvimbe.

Mikono inayopima matiti ya mpaka mzima lazima siku moja ikute kitu. Nilikuwa nyuma ya leso zaidi ya mara moja, nikishika ncha kwa kuwa muuza omena ana mteja, nikaona mikono yake ikisimama. Uso haukubadilika. Aliuliza tu: "Umezaa?" Kutokana na jibu alitoa amri. Kama mwanamke hajazaa, alimwambia aende hospitali kesho, na kama akitikisa kichwa, alikataa kumuuzia. Alimsukuma hivyo mwalimu mmoja, mwanamke mpole asiye na mtoto. Ikawa ndio ugonjwa wenyewe, saratani. Mwalimu alikatwa titi moja, akapona, akarudi sokoni, na mama wa sidiria akamshonea pamba upande uliokuwa mtupu, akampima, akamfanyia mzaha mpaka wakacheka wote wawili wakilia.

Lakini kama mwenye uvimbe alikuwa mama, amri ilikuwa nyingine. Kitambaa cha maji ya moto. Mpe mtoto upande huo kwanza. Mtoto ameshakua? Kamua. Ni maziwa yaliyolala, yataamka yaende. Kwa wengi wao yalikwenda kweli. Wengine sikuwaona tena sokoni, na katika soko la mpakani watu hupotea kwa sababu nyingi.

Imani hiyo aliipata nusu kwa wazee. Nusu ya pili ililetwa na gari.

Alikuja bwana mmoja wa afya, na pikapu yenye spika, siku ya soko. Alizungumza Kiswahili safi, na alisema mambo ya kweli. Alisema saratani ya matiti haijulikani inatoka wapi kwa kila mtu, lakini yako mambo yanayoongeza uwezekano wake: umri kwenda, kuvunja ungo mapema, kuchelewa kuzaa, kutozaa kabisa, kutonyonyesha. Nilijikuta nahesabiwa kwenye orodha hiyo, nikashika mfuko wangu wa nyanya kwa nguvu. Toka siku ile mimi hujikagua bafuni kila mwezi kama mtu aliyepoteza funguo.

Soko lilisikia "kutozaa" na "kutonyonyesha", likafunga masikio.

"Mimi nimezaa nane!" muuza omena akapiga kelele. "Nipeni cheti changu niende nyumbani!"

"Hospitali ya nini tena kwetu!" mwingine akajibu. "Tumeshanyonyesha mpaka kifua kimebaki kama mfuko wa posta!"

Vicheko. Halafu sauti moja, sijui ya nani, kutoka meza za ndani: "Na wale wa kuokota watoto, je?"

Watu hawakugeuka kumtazama mama wa sidiria. Walijitahidi wasigeuke, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yeye aliendelea kukunja nguo.

"Mimi nimenyonyesha," akasema, bila kuinua macho. "Ulizeni huyo mtoto kama alikula mawe."

Bwana wa spika alikuwa bado anasema. Alisema kuongezeka kwa uwezekano si kuandikiwa. Alisema hata aliyezaa kumi na mbili akiona uvimbe aende. Honi za bodaboda zilikuwa zimeshaanza, na kicheko hakijakwisha. Kuanzia siku hiyo mama wa sidiria alikuwa na sheria, na aliitamka kama mtu anayenukuu serikali: uvimbe wa mama ni maziwa, uvimbe wa asiyezaa ni ugonjwa.

Binti ndiye aliyegundua. Alikuja kutoka Malaba bila kutoa taarifa, akamkuta mama yake jikoni amekaa kwenye kigoda, anakandamiza kitambaa cha moto kwenye titi la kushoto.

"Mama, ni nini hiyo?"

"Maziwa."

"Maziwa ya nani?"

"Yako," mama akasema.

Binti alikuwa amekaribia miaka thelathini. Alinisimulia haya akiwa amesimama mlangoni pangu Busitema, viatu mkononi kwa sababu ya matope, hajakubali hata kukaa.

"Auntie, wewe umesoma, mathe anakuheshimu. Mwambie. Mimi hanisikii. Nikimwambia ni kitu mbaya analia, anasema nimemkana."

Nilikwenda. Hakuniheshimu kiasi hicho. Nilimkuta mezani, akasikiliza maelezo yangu yote, marefu, yenye mpangilio, yale ambayo kwa kuyatoa mimi hulipwa mshahara. Nilisema kwamba maziwa hayalali miaka ishirini na zaidi. Nilisema kwamba kwenda kupimwa si kukiri kitu. Alipanga sidiria kwa rangi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wakikuta ni ugonjwa, watasema nini?"

"Watasema ni ugonjwa, waanze matibabu."

"Hapana. Watasema, mliona? Hakuzaa. Soko itasema. Kanisa itasema. Ukoo ya mume wangu itaamka kutoka kaburi iseme. Na wewe pia utasema, nyara. Pole pole, kwa heshima, lakini utasema." Akainamia meza, sauti ikashuka. "Nikienda kule, wataninyang'anya mtoto."

Ndipo nilipoelewa anachokilinda. Kwake uvimbe ule ulikuwa shahidi wa mwisho. Ukiwa maziwa, yeye ni mama, kama muuza omena, kama wanawake wote waliosimama nyuma ya leso yake. Ukiwa kitu kingine, basi wale waliosema kwamba alimdanganya mtoto kwa titi kavu walikuwa wamesema kweli. Sheria aliyowatungia wanawake wengine alikuwa ameitunga kwa ajili yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Miezi ikapita. Mkono wa kushoto ukaanza kuvimba; akanyoosha waya kwa meno na mkono mmoja. Alipunja wateja bila kukusudia, akiwapa sidiria za vipimo visivyo vyao, na wao wakazipokea bila kulalamika na kwenda kuzibana kwa pini nyumbani. Muuza omena, yule wa cheti, alikuwa wa kwanza kuacha mzaha. Alimletea supu kila mchana na kumkemea kwa Kisamia, lugha ambayo mwenzake alijidai haielewi.

Aliyemtoa pale alikuwa binti, na hakutumia hoja. Alikuwa na mimba kubwa. Alikuja siku ya soko, akakaa chini ya meza, kwenye mifuko, akanyoosha miguu njiani.

"Sitoki," akasema. "Nitajifungulia hapa hapa kwa omena. Ukienda hospitali na mimi nitaenda."

"Amka, watu wanapita!"

"Waruke."

Waliruka, kwa muda mrefu wa kutosha. Mwishowe mama akavua aproni.

Hospitalini Tororo nilikuwa nao. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko sisi, mwenye macho ya mtu aliyelala akiwa amesimama. Alimwomba mama afungue nguo, na mimi nilitaka kutazama ukutani lakini nilichelewa. Alikuwa amevaa sidiria ya kunyonyeshea, moja ya zile za kwenye mfuko wa chini ya meza, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi. Binti aliiona pia. Hatukutazamana.

Daktari akapima, taratibu. Halafu akaanza maswali.

"Mama, ulizaa mara ngapi?"

"Mmoja."

Binti akainamisha kichwa.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipomzaa?"

"Nilikuwa mkubwa kidogo."

"Ulimnyonyesha?"

"Mpaka akakimbia!" akasema kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza toka tuingie akainua uso.

Daktari akaandika. Tulipotoka nje binti alinishika mkono. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Auntie, amedanganya daktari. Si watampa dawa mbaya? Turudi tuseme." Nikarudi peke yangu, nikafunga mlango nyuma yangu, nikasema ukweli wote, pamoja na mke mwenza na nguo iliyolowa.

Daktari alinisikiliza. Akasema maswali yale husaidia kujua kwa nini wanawake wengi wa namna fulani huugua kuliko wengine. Hayawezi kusema kwa nini ameugua huyu. Aliyezaa huugua, asiyezaa hupona. Kutozaa huongeza kidogo, umri huongeza zaidi, na kinachoua hasa ni kuchelewa. Na kwa hatua aliyofikia, alisema, jibu lolote kati ya yale halitabadilisha dawa.

"Kwa hiyo nisahihishe?" akauliza, kalamu mkononi, akijiuliza mwenyewe zaidi kuliko mimi. Kisha akaifunika. "Mwacheni na mmoja wake."

Saratani ilikuwa imeshatembea mwilini. Alipata dawa za mishipani mara kadhaa, zikamchukua nywele na hamu ya chakula, zikamwachia ulimi. Aliwaambia wauguzi kwamba sidiria zao zote ni makosa, na mmoja wao, nasikia, alikwenda chooni akabadili kulabu. Katika wodi ile kitanda cha jirani kilikuwa na mama mmoja wa Bulumbi aliyezaa tisa. Watoto walikuja kwa zamu, wakubwa wakileta wadogo, na wa mwisho alikuwa bado anapanda kitandani kutafuta ziwa upande uliobaki. Mama wa sidiria aliwatazama siku nzima. Nilimkuta mara nyingi amegeukia upande ule, akiwa kimya, jambo ambalo kwake lilikuwa kama homa.

Yule wa Bulumbi alitangulia kufa. Kisha mwili wa mama wa sidiria ukazikataa dawa, wakamruhusu arudi Kwapa.

Mara ya mwisho nilikwenda na ndizi, kana kwamba Kwapa hakuna ndizi. Alikuwa amelala kwenye godoro lililoburutwa mpaka kibarazani ili aone uwanja. Binti alikuwa amehamia kwake, na mtoto wake mchanga, wa kike, alikuwa analia kwa hasira ya njaa ndani ya nyumba.

Aliniuliza habari za chuo, nikampa. Kisha akauliza: "Yule wa Bulumbi. Tisa. Aliwanyonyesha wote?"

"Wote."

"Na yeye naye."

"Na yeye naye."

Alifikiri. Nikajaribu kumweleza, safari hii kwa maneno ya shamba, maana ndiyo niliyonayo kwa haki. Nikasema anayepanda mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kuvuna, na tunawaambia wakulima hivyo kwa kuwa ni kweli. Lakini mvua ya mawe ikishuka haiulizi nani alipanda lini. Shamba likipigwa, hatusemi mwenyewe hakuwa mkulima.

"Basi mimi nilikuwa mkulima," akasema.

"Ulikuwa."

"Hawakuwa wananipima kama mtoto ni wangu."

"Hapana, mama. Hata siku moja."

Alifumba macho muda mrefu hata nikadhani amelala. Machozi yalitoka pembeni, bila uso kushiriki. Nadhani alikuwa anaiona ile miezi yote, meza, kitambaa cha moto, na wale mama aliowatuma nyumbani wakakamue.

Binti akatoka na mtoto, akaketi kwenye ngazi, akafungua nguo, akampa titi la kulia. Mtoto akavuta, akaliachia, akalia. Akampa la kushoto, akatulia.

"Upande huu amekataa siku nyingi," binti akasema, akigusa la kulia. "Kumekuwa kugumu hapa. Ni maziwa tu, yatashuka."

Mama akafumbua macho.

"Kuja hapa."

"Mama, pumzika. Ni maziwa."

"Nimesema kuja."

Binti akapiga magoti kando ya godoro, mtoto bado titini. Mama akainua mkono wa kulia, ule uliokuwa bado unamtii, ukafika, ukasimama. Ulikaa hapo. Nilikuwa nimeyaona mengi yakipita chini ya vidole vile na sikuwahi kuuona uso wake ukitafuta.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

"Mama, si wewe mwenyewe unasemanga? Uvimbe wa mama ni..."

"Nilisema. Kesho uende."

"Na wewe nikuache na nani?"

"Na huyu wa ndizi. Uende, nyara."

Akaenda. Nililala kwao, na siku ile nikabaki naye, nikampikia uji ambao alisema unafaa kujengea nyumba. Mchana hakuzungumza sana. Kila pikipiki iliyopita barabarani aliisikiliza mpaka mlio ukaisha. Jua lilikuwa limeanza kulegea binti aliposhuka kwenye bodaboda na mtoto mgongoni, akakata uwanja karibu akikimbia, akainama juu ya godoro.

"Wamepiga picha, wamevuta kidogo kwa sindano, tumeona wote kwa macho," akasema, akihema. "Ni maziwa, mama. Yalikuwa maziwa tu."

Mama wa sidiria alimwangalia binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni, kama aliyeletewa nguo na anataka kuona kama imekaa.

"Lakini umekwenda," akasema.

"Nimekwenda, mama."

"Vizuri," akasema. "Mnyonyeshe mtoto."